Msichana Aliyefutwa Sebuleni

Ngara Mjini
3 Juni 2024

Bibi Eustakia, Nemba,

Shikamoo Bibi. Ni mimi Adelfina, yule mpiga picha ambaye uliigusa kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu ukasema inafanana na korongo aliyemeza redio. Nimefika Ngara salama. Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa uliniambia Novatus, mwanao, alichukua simu yako tangu Pasaka kwenda kuitengeneza.

Picha za nyumba yako zimetoka vizuri. Nilikueleza kwamba kamera inasimama katikati ya chumba, naizungusha kidogo kidogo, inapiga kipande baada ya kipande, kisha vipande vyote navishona kuwa picha moja kwenye kompyuta. Anayeitazama anageuka atakavyo, ukutani, darini, hata nyuma yake, kama vile amesimama humo ndani. Tunarekodi majengo ya zamani ya Biharamulo na Ngara namna hiyo kabla hayajaanguka, na hiyo nyumba yenu, aliyoijenga yule daktari Mjerumani, ni ya tisa. Ofisini wote wanashangaa dari ya mbao imedumu vipi.

Nina mambo mawili. Kile chumba cha nyuma, karibu na jiko, kilikuwa na kufuli, na ningependa kurudi nikipige. La pili, msichana wako wa kazi aliingia kwenye picha ya sebule. Nilimwomba atoke mara tatu, anatoka, anarudi, kamera ikamnasa. Usiwe na wasiwasi, nimemfuta. Sasa sebule ni safi kabisa, utadhani hakuna mtu anayeishi humo.

Nakutakia afya njema.

Adelfina


Nemba, Biharamulo
12 Juni 2024

Mwanangu Adelfina,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na Keza, huyo msichana wa hapa, maana macho yangu siku hizi yanaona mwanga tu. Hii nayo anaiandika yeye, mimi nasema. Ana mwandiko mzuri, sivyo? Niliposikia neno korongo nilicheka hadi kikohozi kikanishika.

Chumba cha nyuma hakifunguliwi. Novatus ameweka vitu vyake humo na ufunguo anao yeye Mwanza. Usinikasirikie. Nyumba ni ya marehemu mume wangu, lakini funguo ni za Novatus. Alikukubalia upige picha kwa sababu anataka kuwaonyesha watu wanaonunua nyumba za kugeuza hoteli. Mimi namwambia angoje nife kwanza.

Tuna vyumba kumi na kimoja na tumo watu wawili. Tangu mwaka juzi aweke geti la chuma na mlinzi Nyanda, siogopi tena wezi. Clotilda, mama wa jumuiya yetu anayeniletea komunyo kila Ijumaa, ndiye atakayepeleka barua hii stendi waipakie kwenye basi la Ngara. Wewe tuma kwa njia hiyohiyo, Nyanda ataipokea.

Keza ananiambia nipunguze maneno, karatasi inaisha. Mwongo huyu. Nimeipapasa, bado ipo.

Mimi mama yako,
Eustakia, mjane wa Karani Rwekaza


Nemba
12 Juni 2024

Dada Adelfina,

Shikamoo. Kikaratasi hiki nimekikunja ndani ya barua ya Bibi, yeye hajui.

Mimi ndiye uliyenifuta. Nilipofika kwenye maneno hayo niliyasoma tena kwa macho tu, Bibi akauliza, "Mbona umesimama?" Nikamjibu kwamba mwandiko wako mgumu.

Dada, kama hujaitupa ile picha ya kwanza, nakuomba uirudishe mahali pake. Iende huko zinakokwenda nyingine, nikiwa ndani yake. Barua za nyumba hii nazifungua mimi, kwa hiyo unaweza kunijibu humohumo.

Keza Manirakiza


Ngara Mjini
20 Juni 2024

Mdogo wangu Keza,

Usikasirike. Sikukufuta kwa dharau. Taratibu za kazi yetu zinataka vyumba vitupu, ili mtu aone jengo. Halafu mtu akitembea wakati kamera inazunguka, anatoka vibaya: mkono huku, kichwa kule. Ungejiona usingeipenda.

Lakini nimekuelewa. Kila msichana anataka picha yake nzuri. Jumamosi ya tarehe 29 nitakuwa Biharamulo mjini, kwenye boma la zamani. Mwombe Bibi ruhusa uje, vaa gauni unalolipenda, nitakupiga pale nje kwenye mwanga mzuri na nitakusafishia bure. Ukikosa usafiri, njoo na Mama Clotilda.

Barua ya Bibi iko ndani ya bahasha hii, msomee kwanza yake.

Dada yako,
Adelfina


Nemba
28 Juni 2024

Dada Adelfina,

Siwezi kuja. Sijakanyaga nje ya geti tangu Februari mwaka juzi.

Umeandika kwamba nilirudi sebuleni mara tatu. Nilirudi kwa makusudi. Nilikuona unavyohesabu unapoizungusha kamera, nikajua ikifika wapi itanikuta. Nilitaka kukwambia kwa mdomo, lakini Novatus alisimama mlangoni muda wote uliokuwepo. Nikawaza, picha hii itaonwa na watu, na labda mmoja wao atauliza huyu ni nani.

Mimi ni wa Bugarama, huko Ngara. Baba yangu, Manirakiza, alivuka kutoka Burundi mwaka tisini na tatu, akaoa Bugarama, akafa nikiwa darasa la sita. Mama yangu anaitwa Speciose, ni Mhangaza wa palepale. Nilipomaliza kidato cha nne, Novatus alikuja kwa mama akasema nitakaa na mama yake mzazi na ataniandikisha chuo cha ushonaji. Alichukua cheti changu cha kuzaliwa na cha shule. Baadaye akachukua simu. Nilipouliza chuo, alisema, "Wewe ni Mrundi. Ukikanyaga barabara bila karatasi, utavushwa mpaka wa Kabanga siku hiyohiyo." Wiki ile ndipo geti lilipofika.

Kufuli la geti liko upande wa nje, Dada. Nyanda akienda kula, anafunga na kuondoka na ufunguo.

Mwaka jana Novatus alikuja akaniambia mama ameolewa tena na amehamia Burundi na mume wake. Bugarama sina mtu. Ndiyo maana sijapiga kelele. Nikipiga, nikatoka, naenda wapi?

Bibi si mkali. Ananiita mwanangu, ananimegea nyama yake. Nikimwambia nataka kwenda nyumbani, anasema, "Subiri Novatus aje." Halafu anaushika mkono wangu na hauachii. Wakati mwingine namwonea huruma, wakati mwingine nahesabu vidole vyake ninavyoweza kuvibandua bila yeye kuamka.

Usiende polisi, nakusihi. Ukienda, watakaokuja watanichukua mimi. Nataka picha tu.

Keza


Ngara Mjini
9 Julai 2024

Keza,

Barua yako niliisomea kwenye ofisi ya basi nikiwa nimesimama, na nilibaki nimesimama hata watu wakaniambia nisogee.

Nina la kukiri. Siku ile tulipokuwa tunaondoka, Nyanda alifunga kufuli la geti nyuma yetu. Nilimuuliza Novatus, "Na waliomo ndani wakitaka kutoka?" Akacheka akasema, "Waende wapi?" Na mimi nikacheka. Nilikuwa namhitaji anisainie fomu ya ruhusa. Kisha nilikaa kwenye kompyuta saa mbili nikikufuta, kipande kwa kipande: bega, kivuli chako ukutani, kanga yako kwenye kioo cha kabati. Nilikutazama saa mbili nzima na sikukuona.

Sasa nisikilize vizuri. Mama yako hayuko Burundi. Yuko Bugarama, kwenye nyumba ileile.

Nilikwenda Jumamosi. Nilipotaja jina lako aliweka jembe chini akasema, "Yule wa lori?" Novatus alimwambia umetoroka na dereva wa lori, mnaishi Kahama, na kwamba wewe mwenyewe ulisema usitafutwe. Amebeba aibu hiyo mbele ya majirani miaka miwili. Kanisani amehamia benchi la nyuma.

Nilifungua kompyuta mezani kwake. Kwa haraka zangu nikafungua picha isiyo sahihi, ile safi. Nikamwonyesha namna ya kuigeuza kwa kidole. Aliizungusha sebule ya Bibi taratibu, akapita dirishani, kwenye kabati, mlangoni, akarudi dirishani, akageuza tena. "Mbona hayumo?" Akaitazama hadi darini. Nilishindwa kumwambia ni mimi niliyekutoa. Nikafungua ya kwanza. Kamera ilikuwa imekunasa ukitembea, kwa hiyo umetokea mara mbili, na mara ya pili huna kichwa. Alipiga ukelele, "Mawe! Mama yangu! Wamemkata!" Majirani walikuja mbio. Ikabidi nitafute kile kipande kimoja, kabla hakijashonwa, ambapo umesimama mzima karibu na kabati na unatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, akaniomba nisiizime. Tuliiacha hadi chaji ikaisha.

Kuhusu karatasi: mama yako ana kitambulisho chake cha taifa na kadi yako ya kliniki ulipozaliwa. Tulizipeleka kwa mtendaji. Alizisoma, akauliza, "Huyu ni mtoto wa hapa. Nani amesema vingine?" Hakuna wa kukuvusha popote, Keza. Hukuwahi kuwa na sababu ya kuogopa barabara.

Mama anataka kuja leo. Nimemzuia, kwa sababu uliniomba nisiende polisi, na naogopa tukija bila mpango Novatus atakuhamisha. Andika neno moja tu, njooni. Tutakuja na watu wa dawati la jinsia, na mama yako atatangulia mbele.

Adelfina


Nemba
23 Julai 2024

Adelfina,

Mwandiko huu ni wa Clotilda, mimi Eustakia nasema. Keza hayupo hapa. Usishtuke, nisikilize kwa mpangilio.

Barua yako ya mwisho haikufika mikononi mwake. Novatus alikuja siku ambayo hatukumtarajia, akaikuta kwa Nyanda getini, akaifungua. Aliisoma kwa sauti palepale sebuleni, kwa dhihaka, mimi nikiwa kwenye kiti changu. Hivyo ndivyo nilivyojua yaliyokuwa yakiandikwa mezani kwangu. Keza alikuwa nyuma ya nyumba anafua, hakusikia hata neno moja. Novatus alimwita aje kusogeza mizigo kwenye chumba cha nyuma, akamsukumia humo na kufunga kufuli. Akaniambia, "Jumapili nakuja na gari. Nitampeleka mahali pengine." Nikamuuliza wapi. Akasema, "Mama, kunywa dawa zako."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nyanda alikuwa akimpitishia chakula kwenye nondo za dirisha.

Jumatano nilipapasa ukuta hadi nikafika mlango ule. Nilimwambia, "Keza, mama yako yupo Bugarama. Hakwenda Burundi. Imeandikwa kwenye barua." Nilidhani hajanisikia, nikarudia. Ndipo akasema kutoka ndani, polepole, "Bibi, ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwamba habari za mama yake sikuzijua. Akasema, "Siulizi hilo. Geti ulijua?"

Adelfina, mimi sioni lakini nasikia. Miaka miwili nimesikia kufuli likifungwa kwa nje kila siku, na nimesikia binti yule akitembea uani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilijiambia ni kwa ajili ya wezi. Sikuuliza kwa kuwa ningejibiwa. Akienda yeye, ningebaki peke yangu na vyumba kumi na kimoja, na Novatus angepata sababu ya kuiuza nyumba na kunipeleka kuishi kwenye banda la mke wake. Hayo nilimwambia kupitia mlango. Siku ile na kesho yake, nikigonga ukuta, hagongi.

Ijumaa Clotilda alikuja kama kawaida. Nyanda huwa anavua kofia na kupiga magoti mlangoni, naye ni Mkatoliki. Clotilda alipofungua kile kikasha cha komunyo akasema, "Mwili wa Kristo," nilifumba mdomo.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Siwezi kupokea. Ndani ya nyumba hii kuna mtoto wa watu nimemfungia."

Nilisema nimemfungia mimi. Clotilda, anayeandika hapa, ni shahidi.

Akamgeukia Nyanda. "Ni kweli?" Nyanda akasema, "Mama, ufunguo wa chumba kile sina. Na mimi nina watoto, kazi hii..." Clotilda hakumgombeza. Alifunga kikasha, akakaa sakafuni, akasema, "Basi hata mimi siondoki." Tukakaa hivyo sote watatu. Kisha nikasikia viatu vya Nyanda vikienda bandani, vikarudi vikiburuta chuma. Alileta mtaimbo.

Mlango ule ni wa mti mgumu, alihangaika sana. Ulipopasuka, Keza alipita mbele yangu. Nilinyoosha mkono na nikagusa nguo yake, ikapita. Clotilda alimshika begani wakatoka getini, na Nyanda akawafuata hadi barabarani, na geti likabaki wazi. Nililisikia likigongwa na upepo mchana kutwa.

Jumapili Novatus alipokuja alikuta polisi wamekaa kwenye viti vyangu. Walikuwa wameletwa na Clotilda. Sikumtetea. Alinitazama, najua alinitazama, akasema, "Mama!"

Ukimkuta Keza kwa mama yake, muulize kama amenisamehe. Usimwambie aseme ndiyo. Muulize tu.

Eustakia


Bugarama, Ngara
18 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Mama Clotilda atakusomea barua hii, na naomba asiruke kitu.

Dada Adelfina aliniuliza swali lako mwezi uliopita. Nilimwambia jibu nitaliandika mwenyewe. Nimeanza barua hii mara nne.

Kwanza nikupe habari. Nimetoa maelezo yangu kwenye dawati la jinsia Biharamulo, siku mbili. Askari mwanamke aliyekuwa ananiandikia aliniuliza kwa nini sikuruka ukuta. Mama akamjibu kabla yangu: "Aliambiwa huku nje hakuna mtu." Novatus yuko nje kwa dhamana, kesi haijapangiwa tarehe. Vyeti vyangu vimerudi. Nyanda amekubali kuwa shahidi na amepata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Nimesikia kwamba sasa unaishi kwa Mama Clotilda na kwamba wajukuu wake wanakusumbua kwa maswali. Nimefurahi kusikia hivyo, ni kweli nimefurahi.

Dada Adelfina alikuja Bugarama akaniuliza ni picha ipi iwekwe kwenye kumbukumbu za majengo, ile tupu au ile yenye mimi. Nilidhani ningejibu haraka, maana ndiyo niliyoiomba. Nikaitazama ile ambayo sina kichwa, nikamwambia iwekwe hiyo, bila kushonwa vizuri, na chini yake jina langu kamili na jina la baba yangu. Amesema wakubwa wake watabisha. Amesema na yeye atabisha.

Sasa swali lako. Bibi, bado sijakusamehe. Nakwambia hivi kwa sababu ulisema nisilazimishwe, na ni mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kuniacha nichague jambo. Ningetaka kukuchukia, ingekuwa rahisi, lakini nakumbuka ulivyokuwa unaninyooshea kipande cha nyama gizani kwako bila kujua niko upande gani. Nakumbuka pia vidole vyako. Vyote viwili ninavyo na sijui nivifanye nini. Sitakuja kukusomea. Mama Clotilda anasoma vizuri, na yule mjukuu wake mkubwa yuko kidato cha tatu.

Mama amenirudisha benchi la mbele kanisani. Watu wananisalimia mno, kama mgonjwa. Nalima naye asubuhi, na fundi mmoja wa nguo sokoni, mama mmoja Mhangaza, amenipokea nijifunze cherehani mchana. Siku ya kwanza nilipomaliza kazi nilibaki nimekaa. Akaniambia, "Si uende nyumbani?" Nikagundua nilikuwa nangoja mtu aje kunifungulia.

Hivyo ndivyo nilivyo, Bibi. Nakuandikia leo nikiwa ndani. Mama amekwenda sokoni na ameacha mlango wazi, jua limeingia hadi kwenye miguu yangu. Nilisikia kiu, na mtungi uko nje. Mara mbili nimeinuka kuomba ruhusa ya kutoka, nikakuta hakuna mtu wa kumwomba, nikakaa tena.

Mara ya tatu nimetoka. Sentensi hii nimeiandikia nje, karatasi nimeiweka juu ya goti, ndiyo maana herufi zimepinda.

Keza Manirakiza